Alan Paton: Mkuu wa jela ya watoto aliyeng'oa lango

Wasomaji wengi wanamfahamu Alan Paton kwa riwaya moja, Cry, the Beloved Country, iliyochapishwa mjini New York mwaka 1948 na kusomwa shuleni katika nchi nyingi za Afrika kwa miongo kadhaa. Wanaokumbuka kazi aliyoifanya kabla ya riwaya hiyo ni wachache. Kwa miaka 13 Paton alikuwa mkuu wa shule ya maadilisho ya Diepkloof, nje kidogo ya jiji la Johannesburg, walikopelekwa wavulana wa Kiafrika waliotiwa hatiani na mahakama.

Yaliyotokea Diepkloof kati ya mwaka 1935 na 1948 yanahusu swali linaloulizwa kila siku mbele ya mahakimu, kuanzia Cape Town hadi Mombasa: afanyiwe nini mtoto aliyevunja sheria? Paton alilijibu kwa vitendo, akapata mafanikio, akapata pia msiba mmoja usiosahaulika. Hatimaye jibu lake likafutwa na wanasiasa waliokuwa na jibu jingine.

Mwana wa karani wa mahakama

Alan Stewart Paton alizaliwa tarehe 11 Januari 1903 mjini Pietermaritzburg, katika koloni la Natal, miezi michache baada ya kumalizika kwa vita vya Makaburu na Waingereza. Baba yake, James Paton, alikuwa mhamiaji kutoka Scotland ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kwa hati mkato maneno yanayosemwa mahakamani. Mama yake, Eunice, aliwahi kuwa mwalimu.

James Paton alikuwa mshika dini na mwepesi wa fimbo. Wanawe walikua wakimwogopa. Alan alikuja kueleza baadaye kwamba katika nyumba ile ndimo alimojifunza kuchukia mamlaka yanayotegemea kipigo, ingawa katika nyumba hiyo hiyo ndimo alimojifunza kuipenda Biblia, vitabu na kutembea milimani.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Natal, akahitimu katika masomo ya sayansi, na mwaka 1925 akaanza kufundisha Ixopo, mji mdogo uliozungukwa na vilima vya majani ambavyo baadaye alivieleza katika ukurasa wa kwanza wa riwaya yake. Huko ndiko alikokutana na Dorrie Francis, waliyefunga naye ndoa mwaka 1928. Mwaka huo huo alihamia Pietermaritzburg kufundisha katika Maritzburg College, shule ya wavulana wa Kizungu.

Maisha yake yangeweza kuishia hapo, akiwa mwalimu anayeheshimika katika mji mdogo wenye heshima zake. Lakini mwaka 1934 alishikwa na homa ya matumbo, akalala kitandani kwa miezi kadhaa. Alipopata nafuu alikuwa na umri wa miaka 31, na alikuwa ameamua kwamba hataki kuyamaliza maisha yake akifundisha watoto wa watu wenye uwezo.

Watoto watolewa mikononi mwa magereza

Wakati Paton akiugua, serikali ya Afrika Kusini ilikuwa ikifanya mabadiliko ambayo hayakuvuta macho ya wengi. Shule za maadilisho, ambazo hadi wakati huo zilikuwa chini ya Idara ya Magereza, zilihamishiwa Idara ya Elimu. Waziri aliyeisimamia idara hiyo alikuwa Jan Hendrik Hofmeyr, mwanasiasa kijana aliyesifiwa kwa akili yake kubwa. Paton alikuwa amefahamiana naye mwaka 1927 katika kambi ya vijana wa Kikristo.

Maana ya badiliko hilo ilikuwa nzito. Mtoto aliye chini ya Idara ya Magereza ni mfungwa mdogo, na kazi ya mlinzi ni kuhakikisha hatoroki. Mtoto huyo huyo akiwa chini ya Idara ya Elimu ni mwanafunzi, hivyo kazi ya mwalimu ni kuhakikisha kwamba anapotoka anatoka akiwa mtu mwingine. Kilichobaki kilikuwa kupata watu wa kuyatekeleza hayo.

Paton aliomba nafasi ya ukuu katika shule hizo, akapewa Diepkloof. Alianza kazi Julai mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 32, bila uzoefu wowote wa magereza.

Ndoo, seng'enge na homa

Diepkloof aliyoikuta ilikuwa jela kwa kila hali isipokuwa jina. Palikuwa na wavulana wapatao 400, baadhi yao watoto wadogo, wengine vijana wanaokaribia utu uzima. Walizungukwa na ua wa seng'enge na lango kubwa lenye walinzi. Tangu jioni hadi asubuhi walifungiwa ndani ya vyumba vilivyojaa, na katika kila chumba mliwekwa chombo cha maji ya kunywa na ndoo ya haja.

Harufu ya vyumba hivyo asubuhi ilimtosha mgeni kufahamu hali ilivyokuwa. Homa ya matumbo, ugonjwa ambao nusura umuue mkuu mpya mwaka mmoja kabla, ilikuwa ikiwaua wavulana wa Diepkloof.

Wengi wao walifikishwa hapo kwa makosa ya wizi na uvunjaji wa nyumba. Karibu wote walikuwa watoto wa mji mpya wa migodi. Baba zao walikuwa wametoka vijijini kutafuta kazi chini ya sheria za pasi, sheria zilizomruhusu mfanyakazi kuingia mjini na kumzuia mke na watoto kumfuata. Mama zao walikuwa wakifua nguo na kulea watoto katika nyumba za Wazungu, huku watoto wao wenyewe wakilelewa na mitaa.

Kazi ya kwanza ya Paton haikuhusu falsafa ya adhabu. Ilihusu vyoo. Alijenga vyoo na kuagiza milango ya mabweni iachwe wazi usiku, ili mvulana anayetaka kwenda haja atoke nje badala ya kutumia ndoo mbele ya wenzake. Wasaidizi wake walitabiri kwamba asubuhi wangekuta mabweni matupu. Wavulana walikuwamo. Homa ya matumbo nayo ikatoweka.

Kutokana na jambo hilo dogo Paton alipata kanuni aliyoifuata kwa miaka yote iliyobaki. Aliamini kwamba mtoto hawezi kufundishwa kuutumia uhuru akiwa amefungwa. Uhuru wenyewe ndio chombo cha kumfundishia, nao hutolewa kwa kipimo, hatua baada ya hatua, kwa kadiri anavyoonyesha kwamba anaweza kuubeba.

Ngazi ya uhuru

Mvulana mgeni alianza katika sehemu iliyofungwa. Akionyesha mwenendo mzuri alihamishiwa bweni la wazi. Baadaye alipewa haki iliyoitwa vakasha, neno la Kizulu lenye maana ya kwenda matembezi, pamoja na beji ya kuivaa. Mwenye beji hiyo aliruhusiwa kutembea peke yake ndani ya mipaka ya shamba la shule siku za mapumziko, bila mlinzi. Hakupewa kimyakimya: alisimama mbele ya wenzake na kutoa ahadi.

Hatua ya juu kabisa ilikuwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Mvulana aliyehukumiwa na mahakama alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akaenda kwa wazazi au ndugu zake, na alitarajiwa kurudi kwa miguu hiyo hiyo. Wengine waliruhusiwa kufanya kazi nje ya shule, na baadhi waliishi na familia zilizokubali kuwasimamia.

Kadiri ngazi hiyo ilivyozoeleka, ndivyo vitu vya jela vilivyopoteza kazi yake. Lango kubwa liling'olewa. Ua wa seng'enge uliondolewa, na mahali pake pakapandwa maua. Idadi ya wavulana iliongezeka hadi kuzidi 600, lakini waliotoroka hawakuongezeka kama ilivyohofiwa. Walipungua.

Katika miaka ya Paton ruhusa za kwenda nyumbani zilitolewa kwa wavulana wapatao 10,000. Walioshindwa kurudi hawakufika asilimia 5. Katika nchi ambayo siasa zake ziliegemea imani kwamba Mwafrika hawezi kuaminiwa, takwimu hiyo ilikuwa hoja nzito kuliko hotuba nyingi.

Isidhaniwe kwamba Diepkloof iligeuka pepo. Viboko havikuondoka, na Paton mwenyewe, aliyeichukia fimbo ya baba yake, aliendelea kuwachapa wavulana walipovunja kanuni. Aidha, shule yenyewe ilikuwa sehemu ya mfumo wa ubaguzi: watoto wa Kizungu walikuwa na shule zao, Machotara zao, Waafrika zao, na wengi wa waliotoka Diepkloof waliandaliwa kwa ajili ya kazi za mashamba na za mikono walizotengewa watu wa rangi yao. Katika miaka yake ya mwanzo Paton alijaribu kuirekebisha shule bila kuigusa nchi iliyokuwa ikiizalisha.

Yule ambaye hakurudi

Kila mpango wa namna hii husubiri siku moja mbaya. Mmoja wa vijana waliopewa ruhusa ya kwenda nyumbani na hawakurudi alimuua mwanamke wa Kizungu aliyemfumania ndani ya nyumba yake mwenyewe. Paton hakulificha tukio hilo. Alilieleza katika kumbukumbu za maisha yake, na hakujaribu kulipunguza uzito.

Swali lililozuka ni gumu kwa yeyote anayesimamia haki. Maelfu ya ruhusa zilizokwenda salama hazimrudishii mtu mama yake aliyeuawa. Mlango ungebaki umefungwa, mwanamke yule huenda angeishi. Lakini mlango ukifungwa kwa wote, wale maelfu wangemaliza vifungo vyao bila kujifunza kutembea wakiwa huru, wangetoka kwa pamoja siku ya mwisho wakiwa na uchungu zaidi, na madhara yao yasingeandikwa kwa jina la mkuu wa shule. Madhara ya kuamini huonekana mara moja na yana mwenyewe wa kulaumiwa. Madhara ya kutoamini huja polepole na hayana mwenyewe.

Paton aliendelea kutoa ruhusa.

Wapo waliomshambulia. Gazeti la Die Transvaler, lililoongozwa na mhariri Hendrik Verwoerd, mtu aliyekuja kuwa waziri mkuu na msanifu mkuu wa siasa ya ubaguzi wa rangi, liliikejeli Diepkloof kuwa mahali pa kuwadekeza watu weusi na kuwasemesha kwa adabu wasiyostahili. Katika lugha yetu tuna methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, na nyingine inayomwonya anayechelea mwana kulia. Mara nyingi methali hizo hutumiwa kumtetea mwenye fimbo. Ubishi wa Diepkloof haukuwa juu ya kama samaki akunjwe au la. Ulikuwa juu ya mkono unaomkunja, na kama mkono huo unataka kumkunja au kumvunja.

Kutoka makosa ya mtoto hadi makosa ya nchi

Kazi ya Diepkloof ilimbadilisha mkuu wake kuliko ilivyowabadilisha baadhi ya wavulana. Mwaka 1938, katika sherehe za kutimia miaka mia moja ya safari kuu ya Makaburu, Paton alifuga ndevu kama wao na kusafiri hadi Pretoria, akidhani anakwenda kushiriki sikukuu ya taifa zima. Alichokikuta huko ni utaifa wa kabila moja. Alirudi nyumbani akanyoa ndevu.

Katika miaka ya 1940 alianza kuandika makala kuhusu ongezeko la uhalifu. Wazungu wengi wa Johannesburg waliishi kwa hofu ya wezi na walidai polisi zaidi, viboko zaidi na vifungo virefu zaidi. Paton aliwaambia kwamba walikuwa wakiyatazama matunda bila kuitazama mizizi. Jamii ya Kiafrika ilikuwa imebomolewa kwa kunyang'anywa ardhi na kwa ajira ya migodini, na waliobomoa hawakujenga kitu badala yake. Kijana aliyenyimwa familia, shule, kazi yenye heshima na haki ya kuishi mjini hawezi kurekebishwa kwa kufungiwa tu. Aliandika pia kijitabu cha kitaalamu kuhusu uhuru kama chombo cha kurekebisha tabia, akieleza yale aliyoyajaribu Diepkloof.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika aliamua kwenda kujionea wenzake wa ng'ambo wanavyofanya. Serikali haikumlipia. Aliuza hati zake za bima ya maisha, na mwaka 1946 akaondoka kutembelea magereza na shule za maadilisho katika nchi za Skandinavia, Uingereza, Marekani na Kanada.

Safari hiyo ya kikazi ndiyo iliyozaa riwaya. Septemba mwaka 1946, akiwa mjini Trondheim nchini Norway na akiwa ameshikwa na upweke wa nyumbani, aliingia katika kanisa kuu la mji huo jioni, kisha akarudi hotelini na kuanza kuandika. Aliendelea kuandika hotelini na safarini, nchi baada ya nchi, huku mchana akikagua magereza. Alimaliza mjini San Francisco mwishoni mwa mwaka huo huo, na marafiki wapya aliowapata huko California wakausambaza mswada kwa wachapishaji.

Absalom mbele ya jaji

Riwaya hiyo inasimulia safari ya Stephen Kumalo, mchungaji mzee wa Kizulu, anayetoka kijijini kwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe, Absalom. Kila anakofika anaambiwa kijana ameshaondoka. Mojawapo ya vituo vya safari hiyo ni shule ya maadilisho, ambako mzee anaambiwa kwamba mwanawe alikuwa na mwenendo mzuri, akaachiwa mapema na kutafutiwa kazi kwa sababu msichana aliyekuwa naye alikuwa mjamzito.

Siku chache baadaye inajulikana kwamba Absalom, akiwa na vijana wengine wawili, ameingia nyumba ya Mzungu kuiba na kumuua mwenyewe kwa bastola kwa sababu ya woga. Aliyeuawa ni Arthur Jarvis, mtu aliyekuwa akipigania haki za Waafrika. Absalom anakiri kosa na kuhukumiwa kunyongwa. Wenzake wawili, wanaokana, wanaachiwa kwa kukosekana ushahidi.

Aliyeijua Diepkloof aliweza kutambua kilichokuwa moyoni mwa mwandishi. Paton hakuandika hadithi ya kijana aliyeaminiwa akafanikiwa, ingawa alikuwa na mifano mingi ya aina hiyo. Aliandika ya yule aliyeaminiwa akaua, na akamweka katika kitabu kijana wa Kizungu mfanyakazi wa shule ya maadilisho ambaye uchungu wake unageuka kuwa hasira. Msomaji anaachwa na swali ambalo halina njia ya mkato: kijana ana hatia, na nchi iliyomlea ina hatia pia, lakini kitanzi kinamsubiri mmoja tu.

Kitabu kilichapishwa Februari mwaka 1948 na kupata wasomaji wengi mara moja. Hadi Paton anafariki nakala zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimeuzwa. Kilitengenezewa mchezo wa muziki mwaka 1949 na filamu mwaka 1951, ambayo Sidney Poitier, wakati huo akiwa kijana, alishiriki.

Miaka mingi baadaye Paton alirudi kwa wavulana wake katika hadithi fupi zilizochapishwa mwaka 1961. Mojawapo, iitwayo Ha'penny, inamhusu mtoto mdogo katika shule ya maadilisho ambaye kila siku humsimulia mkuu habari za mama na ndugu zake walioko Bloemfontein. Mkuu anachunguza na kugundua kwamba mtoto hana mtu yeyote duniani, na kwamba familia hiyo ni ya mama mmoja aliyewahi kumwona tu. Uongo unapofichuliwa mtoto anaugua kifua kikuu. Mama yule anakuja na kumkubali kuwa mwanawe, lakini ni kuchelewa. Wale wanaoandika ripoti za watoto kwa ajili ya mahakama wangefanya vyema kuisoma hadithi hiyo, kwani inaonyesha jinsi ukweli wote unavyoweza kukusanywa juu ya mtoto huku haja yake ikiachwa bila kuonekana.

Maua yang'olewa

Mei mwaka 1948, miezi michache baada ya riwaya kutoka, chama cha National kilishinda uchaguzi na siasa ya ubaguzi wa rangi ikawa sheria ya nchi. Mwaka huo huo Paton aliacha kazi Diepkloof ili aishi kwa kalamu. Hofmeyr, aliyemfungulia njia, alifariki Desemba.

Diepkloof haikudumu. Verwoerd, akiwa waziri anayesimamia mambo ya Waafrika tangu mwaka 1950, aliona kwamba mahali pa kijana mweusi aliyekosa ni mashambani akifanya kazi, wala si kando ya jiji akifundishwa uhuru. Mwaka 1958 shule ilifungwa na wavulana wakatawanywa. Leo Diepkloof linajulikana zaidi kama jina la mtaa mkubwa wa Soweto.

Paton alifuata njia ya siasa. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Liberal mwaka 1953, chama kilichokubali wanachama wa rangi zote, na akawa kiongozi wake hadi mwaka 1968, serikali ilipopiga marufuku vyama vya mchanganyiko wa rangi na chama kikajivunja. Mwaka 1960, aliporejea kutoka New York alikokwenda kupokea tuzo, alinyang'anywa hati yake ya kusafiria. Alikaa miaka kumi bila hati hiyo, akiwa huru kuondoka lakini si huru kurudi. Wanaoijua hali hiyo hawahitaji kuelezwa.

Juni mwaka 1964 alisimama katika mahakama ya Pretoria, mbele ya jaji aliyekuwa akijiandaa kutoa hukumu dhidi ya Nelson Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia. Alikuja kuomba wapunguziwe adhabu, kwa hofu kwamba wangenyongwa. Hakukubaliana nao juu ya matumizi ya silaha, lakini alitoa ushahidi juu ya unyofu wao. Mwendesha mashtaka Percy Yutar alimhoji kwa nia ya kumvunjia heshima. Mandela na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha.

Paton alikuwa na wakosoaji hata miongoni mwa waliopinga ubaguzi. Waandishi wa Kiafrika walimlaumu kwa kumchora Mwafrika mpole mno, anayesubiri huruma ya Mzungu mwema. Katika miaka ya 1980 alipinga vikwazo vya uchumi dhidi ya nchi yake, akidai vingewaumiza maskini kwanza, na msimamo huo uliwaudhi wengi waliokuwa vizuizini na uhamishoni. Alifariki nyumbani kwake Botha's Hill, karibu na Durban, tarehe 12 Aprili 1988, akiwa na umri wa miaka 85, miaka sita kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote.

Watoto waliokuja baada yake

Mtawala aliyefunga Diepkloof hakuwa amemaliza tatizo la vijana. Juni mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana na kupigwa risasi. Katika hali ya hatari ya miaka ya 1980 maelfu ya watoto waliwekwa kizuizini, wengi bila kufunguliwa mashtaka.

Baadhi ya vijana walikimbilia nje, na sehemu ya historia yao iko Tanzania. Shule iliyojengwa na chama cha ANC huko Mazimbu, Morogoro, ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22, ingawa mahakama ilikubali kwamba si yeye aliyefyatua risasi zilizoua. Miaka 31 baada ya Paton kuchapisha kisa cha Absalom, kitanzi kilikuwa bado kazini.

Baada ya ubaguzi kuanguka, mambo yalibadilika kwa sheria. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifuta adhabu ya kifo na, katika kesi nyingine mwaka huo huo, ikafuta adhabu ya viboko kwa vijana. Sheria ya Haki kwa Watoto ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika Aprili 2010, iliweka utaratibu wa kumwondoa mtoto katika mkondo wa kesi za jinai pale inapowezekana, ili arekebishwe bila kutiwa doa la hatia. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliupandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 10 hadi 12.

Afrika Mashariki imepita njia inayofanana. Tanzania ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009 inayoitambua Mahakama ya Watoto, Zanzibar ikafuata mwaka 2011, na Kenya ilitunga sheria mpya ya watoto mwaka 2022 inayoweka umri wa miaka 12 na kutoa nafasi ya njia mbadala badala ya mashtaka.

Sheria hizo ni nzuri, na Paton angezipokea kwa furaha. Lakini yeye alianza kabla ya sheria nzuri, katika nchi yenye sheria mbaya, na alianza kwa vyoo na mlango wa bweni. Hakimu anapoamua mtoto alale wapi usiku wa leo akisubiri kesi yake, ofisa anapoamua kama amfunge pamoja na watu wazima kwa kuwa hakuna chumba kingine, na mkuu wa shule ya maadilisho anapoamua kama mvulana fulani aende kumwona mama yake mgonjwa, kifungu cha sheria hakiwatoshi. Wanahitaji kukubali kwamba siku moja mmoja hatarudi, na kwamba siku hiyo watalaumiwa, kisha wawafungulie mlango wale wengine.